Sanduku la Chai la Mavyaa Wangu

Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, alikuwa mtu asiyehesabu. Si kwamba alikuwa hajui. Ukimpunja kibaba cha mchele atakutajia ulichopunja kabla hujafika mlangoni. Lakini kitu chenye roho hakihesabiwi, alisema, kinaingia jicho la husuda. Watoto wake hakuwahesabu, wajukuu wa nduguze hakuwahesabu, na siku mume wangu alipoingia nyumbani kwetu Kiponda na boksi lililojaa vifaranga, akafungua mdomo kusema, "Mama, nimekuletea ishirini na", alizibwa mdomo kwa kiganja kilichojaa unga wa mandazi. Sentensi yake aliimaliza kwa chafya.

Toka siku ile vifaranga wakawa "wapo". Mavyaa akiuliza kutoka chumbani, "Wapo?" unajibu, "Wapo, alhamdulillahi," na mambo yameisha. Wangapi? Hiyo haikuulizwa. Mimi nilijua, kwa sababu nilikwenda skuli na macho yangu hayakuzibwa na mtu. Walikuwa ishirini na nne.

Sasa mtu atauliza, bibi mzima wa mjini, mwenye nyumba ya ghorofa mbili na asili yake ya Kiarabu aliyoijua mpaka babu wa saba, vifaranga wa nini? Naam, na mimi niliuliza. Ilikuwa miaka ya hamsini, mwaka wa pili wa ndoa yangu. Bavyaa wangu, baba wa mume wangu, alikuwa amefariki, na mavyaa akakaa eda yake miezi minne na siku kumi, ndani, bila wanja wala manukato, kama inavyotakiwa. Eda ikaisha. Tukamkogesha, tukamfukiza udi, tukamvisha kanga mpya, tukakaa tunasubiri atoke.

Hakutoka. Akialikwa hitima mtaa wa pili, kichwa kinamuuma. Akialikwa harusi mtaa wa Malindi, goti limevimba. Goti lile lilikuwa na adabu sana, lilivimba kwa mwaliko tu, na mwaliko ukipita linanywea. Mwezi ukapita, na wa pili, na mguu wake haujavuka kizingiti. Hata barazani hakushuka. Mume wangu akashauriwa na bwana shamba mmoja, rafiki yake, aliyekuwa akitotoa mayai kwa mashine ya mafuta ya taa: mpe mama yako kitu cha kumshughulisha, atachangamka. Ndio wakaja wale vifaranga, wa kuku wa kizungu, wekundu, hawana mama.

Akachangamka kweli. Akaamka alfajiri, akapiga kelele, akatufundisha sote namna ya kushika kifaranga, yeye ambaye wiki iliyopita kuku alimjua kwenye sahani tu. Na alipoalikwa tena mahali, hakusema kichwa wala goti. Alisema, "Na vifaranga hawa nimwachie nani?" Tulitaka kumtoa ndani, tukamletea sababu ya kubaki. Mume wangu nilimtazama siku ile mpaka akaenda zake kazini bila chai.

Haya yote ningeyavumilia, lakini mdogo wangu akaposwa.

Kwetu ni Mkokotoni. Sisi ni Watumbatu, watu wa pwani na nyavu, na mavyaa hakuacha kunikumbusha, kwa upole, kila anaponusa samaki. Aliponiona mara ya kwanza aliniuliza kama kwetu kuna ngazi. Nikamwambia zipo, tunapandia minazi. Akacheka mpaka akajifuta machozi, na toka hapo tukapendana kwa namna yetu ya kuchokozana. Lakini mama yangu mzazi hakuwa na mchezo huo. Alileta salamu kwa dereva wa gari la abiria, na salamu zenyewe zilikuwa fupi: harusi ni Alhamisi, nikaha baada ya Isha, na ikiwa mavyaa wa mwanangu hakuja, basi na mwanangu asijisumbue, maana watu watasema yule bibi wa mjini anatuona tunanuka.

Nililia jikoni, sifichi. Nikisema nakwenda peke yangu, nimemtia mavyaa aibu. Nikibaki, sitamuona mdogo wangu akiozwa, na mama yangu namjua, hanyamazi mwaka wala miwili. Kila kitu kilining'inia kwenye boksi la vifaranga.

Tuliyafikiria mengine kwanza. Jirani wa mkabala alikuwa tayari kuwaangalia, lakini alikuwa na paka mnene asiyeweza kuruka dirisha bila kupumzika katikati, na mavyaa alisema kumwachia jirani ni kumwachia paka, tusizunguke. Akatoa shauri lake mwenyewe, kwamba twende nao, kwenye kikapu, mapajani mwake. Mume wangu akasema katika gari la abiria, na barabara ile, watafika wamekuwa kachori. Mimi nikaogopa jambo jingine. Ukiingia kwa mama yangu siku ya harusi na kikapu cha kuku, hata wawe wadogo namna gani, atakushukuru na kukipeleka jikoni.

Ndipo nikasema neno lililotutia kazini. Nilisema, "Mama, nikikutengenezea pahala ambapo watalala usiku mmoja bila mtu na wasidhurike, utakwenda?"

Akasema nitengeneze kwanza, atatazama. Mavyaa akisema atatazama, jua atatazama kweli.

Bwana shamba alitupa maelezo, na mimi nikayaandika nyuma ya karatasi ya kalenda. Nikanunua kwa Mhindi mmoja wa Mlandege sanduku kubwa la chai, lile la mbao nyembamba lenye karatasi ya rangi ya fedha ndani. Ndani ya sanduku, katikati, itakaa kandili, taa ya mafuta, imezungushiwa wavu wa waya ili kifaranga asiungue. Chini pumba za mpunga, nene, kavu, zilizoanikwa. Juu gunia, lakini lisizibe lote, uachwe upenyo wa kutoa moshi na kuingiza hewa. Fundi wa mabati akanitengenezea kifuniko cha wavu cha kwenda juu ya yote, kwa ajili ya panya, kwa sababu panya wa Kiponda siku zile hawakimbii mtu, wanakupisha tu.

Nikamwita mavyaa aje kutazama. Alikuja amevaa miwani ya marehemu mumewe, ambayo haikuwa inamsaidia kuona, bali ilimsaidia kulaumu. Akaingiza mkono, akapapasa pembe nne za sanduku. Akauliza wakiona baridi watakwenda wapi. Nikasema kwenye kandili. Akasema na wakiogopa? Wakiogopa watakimbilia pembeni, akasema, watapandana, na wa chini atakufa kwa kukosa pumzi. Nikaenda kusoma karatasi yangu ya kalenda, na wallahi ilikuwa imeandikwa hivyohivyo, mstari niliouruka. Nikakata mkeka mkuukuu, nikauviringisha ndani ya sanduku mpaka pembe zote zikapotea na mahali pakawa duara.

Akaja tena. Maji yako kwenye bakuli? Kifaranga ataingia kunywa na atatoka maiti. Nikachukua kopo la maziwa, nikalitoboa karibu na ukingo, nikalijaza maji na kuligeuza juu ya kisahani, maji yakawa yanatoka kidogo kidogo kadiri wanavyokunywa. Hilo lilimpendeza. Alilitazama kwa muda mrefu na akataka kujua kwa nini kopo halimwagiki lote. Sikujua. Nikamwambia ndivyo tunavyofanya Mkokotoni, naye akatikisa kichwa kwa heshima.

Akaja mara ya tatu na kuuliza sisimizi. Tukaliweka sanduku juu ya meza, na kila mguu wa meza ukasimama ndani ya kopo la maji yaliyotiwa mafuta ya taa kidogo. Ya nne, akauliza kwa nini tusitumie taa ya umeme, maana umeme ulikuwa umeshaingia nyumbani. Kabla sijajibu akajijibu mwenyewe kwamba umeme unakatika bila kuaga. Kandili ikabaki. Lakini je, mafuta yatafika asubuhi? Tukaijaza, tukakata utambi ukawa sawa, tukaiwasha adhana ya Maghribi moto mdogo, na mavyaa akaiacha iwake mpaka ijizimie. Ilizima kesho yake Alasiri. Akasema inafaa, lakini kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

Joto ndilo lililotusumbua zaidi. Kipimo cha kizungu hatukuwa nacho. Bwana shamba alisema watazameni vifaranga wenyewe: wakirundikana kwenye taa wana baridi, wakikaa mbali wanahema midomo wazi wamepata joto kupita kiasi, wakitawanyika wamelala huku na huku, hapo sawa. Mavyaa hakuridhika. Aliingiza kiwiko, kama anavyopima maji ya kumkogesha mtoto, akatangaza kuna baridi upande wa kibla. Tukasogeza kandili kidole kimoja. Akapima tena. Nyumba nzima tulikuwa tunatembea na viwiko vinavyonuka pumba.

Na kabla hatujamaliza, bila kuniambia, aliwafukiza. Alikuja na chetezo cha ubani kuwakinga na jicho la jirani na paka wake, akakizungusha juu ya sanduku mara tatu huku anasoma. Nilipofika vifaranga wote walikuwa wanapiga chafya, na yeye amekaa kando na chetezo mapajani, amekasirika, ananiambia hakujua kwamba kuku wana pua dhaifu namna hii. Nikafungua madirisha. Niliyafungua moja moja mbele yake, na hilo lilimuudhi kuliko ningesema.

Mmoja kati yao alikuwa dhaifu tangu mwanzo. Mguu wake mmoja ulijipinda kwa ndani, na wenzake wakimpita wanamkanyaga. Mavyaa alimlisha kwa ncha ya kidole, kiini cha yai kilichochemshwa. Jumatatu alianza kukataa kula. Mavyaa alimfunga ndani ya leso na kumweka kifuani alasiri nzima, na usiku akamrudisha sandukuni, karibu na taa.

Jumanne mavyaa akasema tufanye majaribio. Usiku ule tuwe kama hatupo. Tutayarishe kila kitu, tufunge mlango wa chumba cha vifaranga, na hakuna atakayefungua mpaka alfajiri, hata wakilia vipi. Akatuapisha. Mume wangu aliapa haraka, kwa sababu alitaka kulala.

Mimi nilikaa kitandani macho wazi. Mume wangu pia, nilimjua kwa pumzi. Usiku ukaenda. Mwisho nikamwambia nnakwenda kunywa maji, naye akasema hata yeye ana kiu. Tukatoka na tochi, tunatembea kwa ncha za vidole kama wezi wa nyumba yetu wenyewe, tukausukuma mlango wa chumba cha vifaranga polepole. Mavyaa alikuwa ndani, amekaa kwenye kiti kifupi gizani kando ya sanduku, tasbihi mkononi.

Mume wangu akamulika. Mama yake akaziba macho kwa mkono na kusema, "Mimi sipo. Nshakwenda Mkokotoni."

Mume wangu akacheka, akamwambia arudi salama, akaenda kulala. Mimi nikabaki. Nilikaa chini kwenye mkeka, tukawa tunasikiliza vifaranga wanavyojisogeza. Nikamwambia, kwa mzaha, kwamba mtihani ameushindwa.

Akasema, "Unajua kwa nini siwezi."

Nilijua. Nyumba nzima tulijua na hakuna aliyelisema. Usiku aliofariki bavyaa, mavyaa alikuwa harusini Chwaka. Mzee alikuwa na homa, si kali, akamwambia mkewe nenda, watu watakutazamia, nami nipo na mkaza mwana wako. Mkaza mwana ndiye mimi. Nilimpa uji, akanywa nusu, akanitania kuhusu sukari, akaniambia nikalale. Nikalala. Asubuhi nikamkuta amekwenda. Mavyaa alirudi na maua ya harusi bado kichwani.

"Sijakulaumu," alisema gizani.

Nikasema najua, Mama. Na kweli hakunilaumu hata siku moja, hata kwa jicho. Hilo ndilo lililoniumiza. Angenitukana ningejua mahali pa kujitetea. Miezi yote ile nilikuwa nikimuona anakagua chochote ninachokitengeneza, na kila akipapasa nilihisi anapapasa usiku ule, anatafuta pembe niliyoiacha. Na mimi nilikuwa nikizifunika pembe moja moja, nikitumaini itafika siku hatakuta nyingine.

Alfajiri wapo, mavyaa akasema haya, atakwenda, na Alhamisi tulifunga nyumba. Aliingia chumbani mara tano. Mara ya tano nilimshika mkono kabisa, utovu wa adabu huo, nikamtoa. Alivaa buibui lake, akashuka ngazi, na kwenye kizingiti akasimama. Wapita njia walimpa shikamoo, akaitikia marahaba huku anatazama nyuma. Kisha akavuka. Mume wangu akataka kusema neno, nikamkanyaga mguu.

Ndani ya gari la abiria kutoka Darajani hakuzungumza mpaka Mahonda. Hapo aliniuliza kama kopo nililijaza mpaka juu. Nikamjibu nililijaza. Akauliza tena Kinyasini.

Mama yangu alitupokea kwa vigelegele, akamketisha mavyaa juu ya kitanda kizuri kuliko vyote, na mavyaa akakaa ukingoni, buibui halijafunguliwa, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Alisema amekuja kukaa tu. Hagusi kitu. Basi angekaa hivyo mpaka asubuhi, kama si mama yangu na ulimi wake. Mama yangu alikuwa amegombana mchana na mwanamke wa kupaka hina, naye amenuna na kuondoka, mikono ya biharusi imemalizwa, miguu mitupu. Shangazi yangu mmoja akajitolea, akawa anapaka hina kama anayekandika ukuta.

Mavyaa alivumilia mguu mmoja. Nilimuona anavyovumilia, midomo imekaza. Kisha akaweka mkoba chini, akafungua buibui, akasema kwa upole sana kwamba mtoto anaolewa, hajengwi, na akaomba ndimu na kijiti.

Sikuwa najua kwamba anajua. Alimwambia shangazi akaoshe ule mguu, na yeye mwenyewe akaanza upya, akichora majani na vikonyo vya karafuu, kuanzia vidoleni mpaka juu ya kifundo, hatetemeki. Wanawake wakamzunguka. Akawaambia alijifunza kwa mama yake na hajapaka tangu alipokuwa mwari, uongo mtupu, maana mkono ule ulikuwa na mazoea. Wakaanza kumchokoza, naye akawachokoza. Akaniuliza mbele ya watu wote ziko wapi ngazi za Mkokotoni, hazioni. Mama yangu akacheka akapaliwa. Nikaha ikasomwa baada ya Isha, mdogo wangu akalia kama inavyopasa, tukala biriani, na mavyaa wangu akaimba. Ndiyo, aliimba, sauti nzito ya ajabu, na nikamuona mume wangu mlangoni anamtazama mama yake, akajifanya anafukuza mbu usoni.

Kisha akalala. Alilala kwenye mkeka katikati ya wanawake, bila mto, na akakoroma. Mwanamke ambaye tangu afiwe hajalala usiku mmoja bila kuamka mara tatu, alikoroma mpaka adhana ya Alfajiri, na shangazi yangu akalalamika mwezi mzima.

Alipoamka alikaa ghafla. Nikauona uso wake unavyokumbuka. Hakusema vifaranga. Alisema, "Nimelala."

Tulipanda gari la kwanza. Hakuniuliza kopo wala taa. Alishika tasbihi na hakuivuta hata punje moja. Darajani mume wangu akashuka kwenda kazini moja kwa moja, na sisi wawili tukaingia vichochoroni mpaka mlangoni kwetu. Akatoa ufunguo, akautazama, akanipa.

"Tangulia," akasema.

Nikapanda ngazi peke yangu. Katikati nikawasikia, wanalia kwa njaa, sauti nyingi, nikasema alhamdulillahi kwa nguvu ili asikie chini. Nikafungua mlango. Kandili ilikuwa inawaka bado, chimni yake ya kioo imefanya weusi upande mmoja. Maji yapo. Pumba kavu. Sisimizi hakuna hata mmoja, panya hakuna. Vifaranga wametawanyika vizuri, huku na huku, jinsi karatasi yangu ya kalenda ilivyosema. Nikaondoa wavu, na pale karibu na taa, juu ya pumba, yule wa mguu uliopinda amelala ubavu, amekauka.

Nikamchukua. Nisifiche, la kwanza nililolifikiria si lake. Nilifikiri: hajahesabu. Hajui ni wangapi. Nikimtupa dirishani kwa paka wa jirani, wapo, alhamdulillahi, na mambo yameisha, mavyaa atatoka tena, atakwenda harusini, atalala, na mimi nitakuwa nimewachunga salama angalau hawa. Nikamviringisha kwenye pindo la kanga yangu. Mlango uliguna nyuma yangu.

"Wapo?" mavyaa aliuliza. Hajaingia, amesimama nje na buibui lake.

"Wapo," nikasema. "Alhamdulillahi."

Kisha akasema, "Hesabu."

Nikamwambia, Mama, hatuhesabu.

"Hesabu, mwanangu."

Nikahesabu. Nilihesabu kwa sauti, polepole, kwa kidole, na wao wanakimbia chini ya mkono wangu nikalazimika kuanza upya. Ishirini na tatu. Nilipofika hapo nikasimama.

Akaingia, akanyoosha kiganja. Basi naye alikuwa amewahesabu, siku zote zile, mdomo umefungwa kama mimi. Nikafungua pindo la kanga, nikamweka kifaranga mkononi mwake. Alimgeuza, akaunyoosha ule mguu kwa kidole, ukarudi ndani. Akamshika tumbo. Akaingiza kiwiko chake sandukuni, akapima joto upande wa kibla na upande mwingine, akagusa kopo, akapapasa ule mkeka wa duara mzunguko mzima. Nilisimama nikisubiri aipate pembe.

"Huyu alianza kufa Jumatatu," akasema. "Angekufa hata mimi nipo. Angekufa kifuani mwangu na mimi nimemkumbatia."

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

"Na yule mzee naye," akasema.

Nililia pale pale juu ya vifaranga, kilio kibaya cha makamasi, naye akanipa ile leso aliyokuwa akimfungia kifaranga, ina pumba na kiini cha yai kilichokauka, nikajifutia hiyohiyo. Aliniacha nilie. Kisha akavua buibui, akalitundika, akaniambia nizime ile kandili, kumeshakucha, tunaunguza mafuta bure.